Wino Mweusi

Haijafa, alinisahihisha Bwana Pelletier wa Regina
baada ya dakika hamsini za kinanda simuni.
Leseni haifi, mama.
Kinachokufa ni haki ya kuitumia.
Nikachungulia dirishani: ile Cessna yetu nyasini,
shomoro wanaingia na kutoka puani mwake
kama makarani na faili.
Nikakumbuka ndoa mbili tatu za hapa jirani
zenye hali hiyohiyo.

Basi fomu.
Ya kwanza ilirudi kwa sababu ya wino wa bluu.
Ya pili, kwa kuwa mimi ni Olha kwenye cheti cha kuzaliwa
na Olga kwenye cheti cha ndoa,
na serikali haiwezi kurusha wanawake wawili
kwa ada ya mmoja.
Ya tatu haikurudi kabisa.
Subira huvuta heri; yangu ilivuta bahasha ya kahawia
iliyouliza fomu ya tatu iko wapi.

Daktari Fasoranti alinimulika machoni,
akanisomesha herufi za ukutani,
akapima mkojo, moyo, shinikizo la damu.
Umewahi kupoteza fahamu?
Hapana, nikasema.
Siku ile makaburini, magoti yaliponiacha,
fahamu nilikuwa nazo zote.
Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mtihani wa maandishi niliufanya Saskatoon
kati ya vijana wawili waliotafuna penseli.
Swali la kumi na saba: wingu hili laashiria nini?
Mkulima aliye ndani yangu alitaka kuandika:
kafunike ngano.
Nikatia alama kwenye B.

Wakataka na daftari la safari.
Lilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo vya mashati yake.
Mstari wa mwisho, mwandiko wangu, miaka kumi na mmoja nyuma:
Tarehe tisa Septemba. Upepo wa magharibi. Abiria: Orest.
Maoni: kaomba tuzunguke tena.
Baada ya hapo kurasa nyeupe.
Kurasa hizo ni barabara ya hospitali, mara tatu kwa wiki,
mashine ikimsafishia damu, mimi nikihesabu nguzo za umeme;
kisha ni barabara ileile
bila sababu ya kuipita.
Karani alinipigia simu kuuliza:
kwa nini hapa katikati hapana kitu?

Mkufunzi, Brynn Thorsteinson, ana kucha za kijani.
Ndege ya shule ina umri kumzidi.
Tukiwa futi elfu tatu alikata nguvu bila kuniaga:
Injini imezima. Unatua wapi?
Chini, kanola imefumka njano mpaka dunia inapokatika.
Kwa Wasylyshyn, nikasema. Ananidai.
Atafurahi kuniona.
Hakucheka. Aliandika.
Mikono ilikumbuka kila kitu;
kichwa kilikuja nyuma yake, kikihema.
Upepo wa ubavuni ukatusukuma tukirudi uwanjani.
Nilitua mara moja,
magurudumu yakatua mara tatu.

Umefaulu, akasema, akatoa kalamu.
Nikaangalia kwanza rangi ya wino.

Na leo barua: ombi lako linashughulikiwa,
tafadhali subiri siku arobaini za kazi.
Arobaini.
Hesabu hiyo naijua.
Bibi yangu alisema roho nayo hupewa arobaini,
izungukezunguke nyumbani, iguse vikombe, ikague milango,
kabla ya kuruhusiwa kupaa.
Orest hakujaza fomu hata moja.
Mchana wa siku ya arobaini nilisikia mlango wa ghala ukijifunga,
nikajua kibali chake kimetoka.

Jioni nimeshuka nyasini na ngazi na glavu,
nikazoa majani makavu puani mwa ndege, konzi kwa konzi.
Kiota kimoja nimekiacha.
Kina mayai manne, yana joto bado.
Siku arobaini zinawatosha.