Dozi ya Petroli

Elfu thelathini na nne, na hiyo ni kabla ya kufungwa.
Kisilu amekiweka kwenye kaunta, juu ya gazeti la juzi:
kisanduku cheusi, kama kipande cha sabuni kilichofulia wiki nzima,
nyaya mbili, taa tatu ambazo bado hazijaonja umeme.
"Hiki kinakaa kati ya ubongo na koo," asema.
"Ubongo ukiamuru tone moja,
chenyewe kinanong'ona: ongeza robo."

Ni mimi niliyeanza.
Nilitoa ekzosi ya kiwandani, iliyopumua kwa adabu,
nikafunga hii fupi, mdomo wazi.
Halafu chujio la hewa, nalo wazi.
Hakuna aliyenisukuma.
Nilitaka tu bawabu wa hospitali
anijue kwa mlio kabla ya sura.

Sasa nduthi inavuta hewa nyingi na kula kidogo.
Nikilegeza mkono nikiteremka Valley Road
inakohoa: pa! Pa-pa!
Juzi muuza miche alijitupa nyuma ya vyungu vyake
akidhani ni risasi.
Sikusimama kumwomba radhi.
Hilo nalo limo katika hesabu.

Kazi yangu ni ya usiku, wodi ya watoto
waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia.
Kule tone ni sheria.
Nahesabu dripu, jicho kwenye saa, midomo ikicheza.
Hata hewa tunawapimia,
maana hewa pia huzidi,
na ikizidi hula macho ya mtoto.
Basi mimi, mtu wa vipimo,
niliifunguaje mashine pua na mkia
bila kuuliza itakula nini?

"Mgonjwa haulizwi uji, sista," Kisilu asema,
tayari kitambaa kimekwisha futa kisanduku.
Kweli, haulizwi.
Lakini hupimwa joto kwanza.

"Nipe spana ya plagi."

Akacheka, akanipa.
Grogan nzima ilikuwa ikigonga vyuma,
mtu akiuza mihogo ya kukaanga katikati ya magurudumu.
Niliifungua mwenyewe, kucha zikiingia weusi,
nikaiinua kwenye mwanga.
Nyeupe. Nyeupe ya chaki.
Kisilu akaacha kucheka.
"Inatakiwa iwe rangi ya chai ya maziwa," akasema pole pole.
"Hii majani hata haijayaona."

Na huku tuko juu, ambako hewa ni nyepesi.
Jumamosi nina safari ya Magadi:
ukishapita Corner Baridi barabara inaporomoka,
joto linapanda, hewa inanenepa,
na mwenye njaa anazidiwa na njaa.

Nilipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja.
Tangi kumi na tano, na chenji ya chapati za mwezi.
Au kisanduku kinachorekebisha
kiburi changu kwa bei ya kiburi.

"Kiweke mpaka Jumatatu," nikamwambia.

Uvunguni mwa kitanda changu, Umoja,
ndani ya gunia la sukari,
vimelala chujio la zamani na ekzosi ile ya adabu.
Nilirudisha chujio tu.
Dawa mbili hazianzishwi siku moja
kama unataka kujua ni ipi iliyoponya.

Kikohozi kimepungua. Hakijaisha.
Muuza miche leo alinitazama tu,
mkono mmoja kwenye chungu, kwa tahadhari.
Safari nimeisogeza wiki moja; Magadi haihami.

Saa tisa usiku, nikitafuta kipimajoto,
mfuko wa sare ukanitolea ile plagi.
Nimesahau kumrudishia fundi.
Niliishika karibu na taa ya mtoto wa kitanda cha nne,
ambaye leo ameongezeka gramu kumi na moja,
nikaitazama tena.

Ndani ya nduthi, kule chini kwenye maegesho,
kuna mpya inayobadilika rangi.
Sitaifungua kabla ya Jumatatu.
Nikaandika gramu kumi na moja,
nikaendelea kuhesabu matone.