Kisanduku cha Saba

Fomu ya ithibati ya awali ina kurasa arobaini na moja,
na ukurasa wa tatu peke yake umenila wiki mbili.
Chagueni njia, unasema. Tieni alama moja tu.
Kalamu nimeifunga na kuifungua
mpaka kifuniko kimelegea.

Chuo chetu kiko Kariobangi, ghorofa ya tatu,
juu ya mafundi wanaokunja mabati yawe masanduku ya shule.
Tukifundisha saikolojia ya mtoto, nyundo huitikia.
Wanachuo wamezoea: kukigongwa wanasubiri,
kukitulia wanaandika.

Jana kamati ilikaa. Chai, mandazi manne, watu sita.
Gatwiri wa uhasibu akatangulia:
"Njia ya kwanza, ya nyaraka.
Sera, mihtasari, mkataba wa pango, orodha ya vitabu.
Vyote vimo kabatini. Hakuna mgeni atakayepanda ngazi hizi."

Ojwang' akaitetea ya pili:
tuegemee chuo kikubwa kando ya Barabara ya Thika,
watubebe miaka mitano, jina lao juu,
letu chini kwa herufi za sisimizi.
"Anayebebwa hujikaza," akasema.
"Na anayebeba," akajibu Dekow akiangalia kikombe chake,
"ndiye anayechagua pa kukutua."

Ya tatu hakuna aliyeitaja.
Ya tatu inauliza waliotoka kwetu wako wapi,
wanafundishaje,
na mtoto wa dawati la mwisho
anajua nini leo ambacho Januari hakukijua.

Basi leo nimefunga ofisi nikaenda Mukuru
kumtafuta Kalekye, wa kundi letu la kwanza,
ambaye alama zake nilizipigia mstari mwekundu kwa rula,
kwa fahari.

Watoto sabini na wawili. Madirisha mawili.
Nimekaa nyuma, magoti yakikaribia kidevu.
Somo ni sehemu: nusu, robo, thumuni.
Amekata paketi za maziwa vipande vipande,
kila mtoto ana chake.
Halkano, aliyehamia mwezi uliopita, amekikunja chake kiganjani
na hasemi.
Kalekye amechuchumaa. Amemwambia maneno matatu
kwa lugha ambayo mimi siijui.
Kiganja kimefunguka.
"Robo," mtoto akasema, kwa sauti ndogo,
kisha akarudia kwa sauti ya kuudhi, kama mwenye mali.

Mlangoni nikamuuliza, nikijua jibu ninalolitaka:
"Mbinu hiyo ulifundishwa na nani?"
"Si nyinyi, mwalimu." Bila ubaya, akipangusa chaki.
"Nyinyi mlinifundisha kuandika azimio la kazi.
Ninaandika zuri mno, mkaguzi alilipiga picha.
Wiki ya kwanza nililia chooni.
Mama Halkano anauza maziwa hapo getini.
Mimi namfundisha kutia sahihi,
yeye ananipa maneno."

Nimerudi kwa miguu mpaka viatu vikajaa vumbi.
Nilikwenda kuchukua ushahidi,
nikapewa ushahidi.

Sasa ni saa mbili usiku. Umeme umekatika, nyundo zimelala,
simu nimeiegemeza kwenye kikombe inimulike.
Nimetia alama. Ya tatu.
Imetokea imepinda, kama mkono wa mtoto wa chekechea.

Kisanduku cha saba: Upungufu ambao taasisi inaujua.
Wametupa mistari mitatu.
Nimeandika: Hatukumfundisha la kufanya
mbele ya mtoto asiyeijua lugha ya darasa.
Nimeandika: Mazoezi ya kufundisha yalikuwa wiki sita,
na mbili kati ya hizo shule zilikuwa zimefungwa.
Nimeandika: Sahihi ya msimamizi ni yangu. Sikwenda.
Mistari imekwisha. Nimebandika karatasi nyingine.

Kesho Gatwiri atanitazama kama mtu aliyeuza paa
mvua ikinyesha. Na ada ya njia hii bado hatuna,
hilo nalo sijui nitalijibuje.

Ila nimeshampigia Mwangangi, bawabu,
alete simenti kidogo
kwa ile ngazi ya nne inayobonyea.
Wageni watapanda.