Koko

Mashine ya chapa imekufa pale Nyawera.
Kipande chake kitatoka Kampala, labda,
na Bwana Bisimwa katufukuza nyumbani: "Konje!"
akilitamka neno kama mtu anayerusha mfupa.
Mimi ni msahihishaji. Miaka kumi na mmoja
nawinda herufi zilizopotea njia.
Leo sina ukurasa. Nina wiki.

Hata wiki yenyewe ina ugomvi.
Kalenda ya ukutani inasema Jumatatu, yaani ya tatu;
mama yangu anasema siku ya kwanza.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia:
nikimfuata mama, nimezawadiwa siku mbili.
Nikamfuata mama.

Nikashuka Muhumba kwa mguu, polepole,
mvua ndiyo kwanza imenyamaza,
hadi kwa Mama M'Cirhuza na mteremko wake,
hatua nane kwa tano. Ameushika udongo kwa mawe,
kwa matete, kwa matairi mawili ya lori,
maana Bukavu mashamba hulala wima
na usiku mmoja yaweza kuhamia kwa jirani.
Lengalenga, vitunguu,
maua ya njano asiyoyajua jina wala hayamsumbui.
"Bustani yako inapendeza," nikasema.
Akageuka nyuma kutazama ni nani mwenye bustani.
"Hii ni shamba," akasema. "Bustani iko mu kitabu."

Usiku Asifiwe, mtoto wa dada yangu, alileta kompyuta
na filamu ya mbali, yenye theluji na farasi,
iliyotiwa sauti na mwanamume mmoja wa Dar
ambaye ni malkia, ni mlinzi, ni kichanga, ni mbwa.
Malkia anakufa kwa kiu jangwani mwa barafu.
"Maji!" analia, kwa besi.
"Mayi," Asifiwe anamsahihisha taratibu,
macho hayabanduki kwenye kioo.
Kumbe kalamu nyekundu ni ya ukoo,
ila yake inakwenda upande mwingine.
Umeme ukakatika kabla malkia hajanywa.
Tukalala, naye na kiu yake humo ndani.

Kesho yake tuliwasha tena. Tukaanza mwanzo,
maana Asifiwe hataki kumkuta mtu katikati ya taabu.

Nimefuta *mayi* mara ngapi?
Mwaka ule wa kipindupindu, karatasi elfu tatu:
osheni mikono na mayi safi.
Niliyageuza yote kuwa maji, moja moja, kwa fahari.
Bomba la Kadutu halikusoma.
Lilitoa mayi, siku lilipotoa.

Siku ya nne sikufanya kitu.
Ya tano nilikifanya tena.

Siku ya posho. Babu alipimiwa unga siku hii
na Mzungu mwenye mizani iliyokonda.
Leo hakuna anayempimia mtu chochote,
lakini jina bado linatembea na kibaba mkononi.
Nikanunua sambaza, nikazifunga ndani ya gazeti
(kosa ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: niliona, nikaliacha)
nikampelekea Mama M'Cirhuza.
"Koko," akasema. Ni asante, kwa Kishi,
lugha ya bibi yangu, ambayo mimi naijua
kama mtu anavyojua nyumba aliyoipita usiku.
Akanitilia avoka moja mfukoni, bado ina joto la jua.

Nikaila nimekaa ukutani, ziwa likiwa chini,
kwa kisu cha kuazima na chumvi kidogo.
Kikanibaki kile kigumu cha katikati, mviringo, chenye utelezi.
Nikakumbuka kamusi ya kazini, herufi K,
ile yenye jalada lililoliwa na panya:
kokwa ya tunda. *Koko.*
Mwanamke alinishukuru kwa neno,
kisha akanipa neno lilelile, limevaa nyama.
Au hakuwaza hivyo hata kidogo. Alikuwa na avoka nyingi.

Sasa liko dirishani, limesimama ndani ya glasi
juu ya njiti tatu za kiberiti.
Halijapasuka. Asifiwe analikagua asubuhi na jioni.
Bwana Bisimwa amepiga simu:
kipande kimefika, ila si chenyewe.
Nimesema pole.
Nimejitahidi sauti isicheke.