Mkilua wa Uani

Mwaka wa nne huu, mkilua wangu
una majani ya kugawia mtaa mzima,
ua hata la dawa.
Niliutoa Konde ukiwa mche wa shubiri moja,
mizizi nimeifunga kitambaa cha kanga kilicholowa,
nikaupakata njia nzima hadi Wete
kama mtoto mwenye homa.

Mwanzo niliupanda pabaya,
juani, ubavuni mwa mabati ya jiko.
Ncha za majani zikaungua, zikakakamaa.
Nikauhamishia chini ya mshokishoki,
maana mkilua ni mti wa msituni, una haya,
hautaki kukodolewa macho na jua la saa saba.

Kisha majani yakageuka manjano, mishipa ikabaki kijani.
Jirani yangu Kaije akasema, ni jicho.
Nikasema, ni kisima.
Nikayaonja maji; chumvi ikanijibu ulimini.
Tangu siku hiyo mti unakunywa maji ya mvua, ya pipani,
mimi nakunywa ya kisima.

Bwana shamba, Hamad Dadi, akaja na kalamu sikioni,
akafinya udongo wangu kiganjani, ukatoka soseji.
"Kinamo hiki, dada. Kinashika maji
kama bahili anavyoshika shilingi. Mizizi inazama."
Changanya mchanga, akasema, na samadi ya mbuzi iliyooza,
tandaza makonyo ya karafuu juu yake, yasiguse shina.
Nikafanya.
Ua ukanukia kama ghala la karafuu,
maua yenyewe, wapi!

Mwaka wa tatu, vidung'ata,
weupe, wamejibana makwapani mwa matawi.
Niliwafuta mmoja mmoja kwa pamba na maji ya sabuni.
Chungu waliokuwa wakiwafuga kama ng'ombe
wakanidai fidia vidoleni.
Shemeji Mbwana akasema, pogoa.
Nikapogoa.
Akaja akatazama, akasema, mbona umepogoa hivyo?

Mwaka huu, vuli ilipokatika, niliinama kuokota kibanio
nikaviona.
Kilua hakijitangazi. Huning'inia chini ya jani, upande wa ndani,
kama hereni ya mtu aliyejitanda.
Vitumba kumi na saba, kijani bado, havinuki kitu;
harufu huja kikishaiva manjano,
na hilo huwezi kuliharakisha kwa samadi wala kwa dua.

Jumatatu kumi na saba.
Jumatano kumi na viwili.
Alhamisi alasiri, sita.
Nikapekua makonyo yote: hakuna hata kimoja kilichoanguka.
Nikamlaumu kuku. Nikamlaumu komba.
(Wote wawili nimekwisha kuwaomba radhi.)

Jumamosi nafua.
Shati la Shaame, mwanangu, fundi simu,
mfuko wa kifuani, pale penye bisibisi ndogo:
viwili, manjano, vimekunjwa ndani ya risiti.
Harufu ilinipanda mpaka nikakaa chini,
povu linanichuruzika viwikoni.
Miaka minne natibu mti
na mti mzima.
Au mwaka jana pia ulichanua, nikiwa nimelala?

Shati nikalianika na mfuko nimeugeuza nje,
ajue kama najua.
Usiku alikula kimya. Kachori ya tatu hakuigusa,
na Shaame si mtu wa kachori mbili.

Sikuuliza jina.
Ukoo, na baba yake nani, na amesoma wapi,
hayo wapo watakaoyauliza, tena bila kutumwa.
Mimi mchana nilikuwa nimeshalivuta tawi la chini,
nikalichuna gome kiasi cha ukucha,
nikalifukia katika kopo la samli lenye mchanga na samadi.
Litatoa mizizi likitaka.

Nikammiminia chai. Nikamuuliza moja tu:
"Huko kwao, Shaame,
udongo ukoje?"