Herufi ya Mwisho

Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu usiku,
tukishapangusa vumbi la mninga kwenye kope,
karakana ya Shomvi, Keko Machungwa, inageuka darasa.
Ubao wetu ni mlango wa kabati
ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua.

Mwalimu Nambua anaandika, anatamka.
Mimi daftarini nanakili kama nisikiavyo:
in oda tu. So dhati. So az tu.
"Zote," anasema, "ni ili."
Mkwizu anacheka: misumari mitatu, tundu moja?

Si sawa, asema mwalimu. Baada ya in oda tu
kitenzi kinakuja peke yake, kifua wazi.
Baada ya so dhati lazima atangulie mtu.
Nani? Kwa ajili ya nani? Mtajeni kwanza.

Nami nawaza: kwetu hata hiyo ili huweza kubaki nyumbani.
Njoo ule. Lete msumeno nikate.
Ile e ndogo mkiani
imebeba kusudi lote, wala haihemi.

Kila mtu atunge sentensi yake.
Chiduo, mlinzi wa Kurasini, anasoma
ajibizane na madereva wa Zambia.
Bi Mwasiti wa uji anasoma
aelewe ile karatasi iliyokunjwa mara nane
ndani ya boksi la dawa ya presha.
Tumwagile hasemi. Anasema ni siri ya ofisi.

Chaki ikanifikia.

Nilikuwa na mteja, mama wa kigeni, wa Msasani.
Aliagiza kitanda cha mtoto, cha mkongo,
fito kumi na sita kila ubavu. Akalipa nusu.
Mwezi wa tano akarudi, mvua inapiga bati,
akaongea mengi, taratibu,
kama mtu anayepanga vyombo vya udongo.
Nilidaka mawili tu: bedi, na sori.
Nikajua anadai hela zake.
Nikamjibu kwa sauti ya sokoni,
kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho:
No mani beki.

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka.
Dereva wake alichelewa kidogo mlangoni,
akanieleza kwa Kiswahili.
Alikuwa wa kike. Siku tatu.

Kitanda kipo juu, kwenye kenchi, nimekifunika gunia.
Wateja wawili wamekiulizia.
Nimewaambia hakijakauka.

"Mwalimu, ya kukanusha ipo?"
"Ipo. So az noti tu."
Ndefu, kama ubao wa futi kumi na mbili.
Nikaiandika mlangoni, herufi kwa herufi,
mkono huu uliozoea inchi na namba.
Kilichofuata sikukijua kwa lugha yao,
basi nikamalizia kwa yetu:
nisije nikasema tena.

Mwalimu alisimama na kitambaa cha kufutia.
Hakusahihisha.
Mkwizu, asiyenyamaza, akasogeza taa
ili Bi Mwasiti anakili.