Fomu, Usiku wa Zamu

Fomu ya ufadhili inataka swali la utafiti,
maneno mia tatu, mwisho saa sita usiku.
Nimeandika "vifo vya watoto wachanga, Muheza,"
nikafuta.

Swali si langu. Aliniuliza Mama Kilua,
kitanda cha saba, khanga imelowa maziwa:
"Pacha hawa, homa moja, dawa moja, chupa moja.
Mbona kapona mmoja?"

Nikamjibu ni kazi ya Mungu.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Leo naomba miaka miwili ya kusomea jibu,
mshahara, nauli, jokofu la sampuli.
Umeme umekatika. Betri asilimia tisa.
Kwenye mstari wa "msimamizi wako"
kidole kinataka kuandika jina lake.