Mshono wa Tatu

Mashine niliinunua mnadani, nyumbani kwa marehemu Hnatiuk,
siku walipouza hata ndoo zake.
Dola themanini: kasha jekundu, mkono mmoja,
na nambari zote za ampea zimefutika isipokuwa tisini.
Tisini basi. Nikaanzia hapo.

Februari ya Saskatchewan, gereji haina joto,
pumzi inaganda masharubuni mwa paka.
Nina miaka hamsini na minane, mshonaji wa mapazia,
sijapata kushona kitu kisichopitisha sindano.

Sababu ni Mama.
Ngazi nne za zege mlango wa nyuma, bila pa kushika.
Novemba aliteleza, akakaa kwenye barafu dakika arobaini
akiimba. Yeye anasema alikuwa akiimba.
Mimi nilisikia kuita.

Fimbo ya kwanza ilinasa.
Ya pili ikanasa.
Ya tatu ikanasa ikawa nyekundu toka ncha hadi kwenye koleo,
mashine ikiguna kama ng'ombe aliyekwama topeni,
nami nikiivuta, nikiipinda, nikiitukana
kwa Kiukraini cha bibi yangu,
ambacho nilirithi matusi yake na sala zake tu.

Bohdan wa ng'ambo ya barabara alikuja bila kuitwa.
Alisimama na kikombe chake, akatazama.
"Unabisha hodi," akasema. "Chuma hakifungui mlango.
Kwaruza, kama unawasha kiberiti."

Nikakwaruza. Ikawaka.
Nikashtuka, nikainua mkono,
na fimbo ya mbali haiui nyoka:
ilitema mate ya moto kila upande,
cheche moja ikaingia kiatuni.
Dansi niliyocheza Bohdan ameshawasimulia kanisa zima.

Kofia ikishuka, dunia inazimika.
Kisha kitone cha kijani, si kikubwa kuliko punje ya dengu,
na ndani yake dimbwi linatetemeka.
"Usiutazame moto," alisema, "moto ni mpayukaji.
Tazama dimbwi. Limegusa kingo zote mbili?
Na usikilize. Ikiwa sawa, italia kama vitunguu kwenye mafuta."

Jumanne nilisahau kushusha kofia, kufumba na kufumbua tu.
Saa nane za usiku nikaamka na mchanga machoni,
nikakaa gizani na viazi vibichi juu ya kope
nikiwaza mapazia.

Mshono wangu wa kwanza ulionyooka niliupenda mno.
Niliugonga gamba, nikaupiga brashi, uking'aa
mawimbi kwa mawimbi kama pindo la harusi.
Bohdan akaufunga kwenye jiriwa, akaupiga nyundo mara moja.
Ukafumuka.
Ndani: gamba jeusi, vitundu, chuma hakijamjua mwenzake.

Sikusema kitu. Nilikumbuka mapazia ya Bi. Prystupa,
pindo safi, ndani uzi umekatika na mimi najua,
na hela nikachukua.

Nikakata upya. Nikasaga kutu hadi weupe.
Nilichoma vipande vya chakavu wiki tatu,
nikivivunja mwenyewe kabla Bohdan hajafika,
hadi siku nyundo iliporuka mkononi
na kipande kikapinda pembeni, mshono ukabaki.

Kishikio nilikipachika Machi mwishoni,
boriti nne ndani ya zege.
Maungio matatu. Mawili yametulia.
La tatu nililichoma nikiwa nimepiga magoti kwenye theluji,
shingo imepinda, mkono unatetemeka; lina uvimbe.
Nililivunja mara mbili kwa nyundo kubwa, halikuvunjika.
Grainda ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini.

Mama akatoka na koti lake la kijivu.
"Rangi gani hii? Kama uzio wa makaburini."
Akashuka ngazi ya kwanza, ya pili,
glovu yake ya sufu ikanasa kidogo.

"Hapa pana kipele."

"Pana," nikasema.

Akapashika papo hapo, akashuka.